Mkono wa Bethwel Uliohama

Kwenye benchi la Mwihaki, mkabala na kituo cha kununulia majani chai njia ya Roret, watu hunywa kahawa. Chai wanaijua mno. Mtu hanywi kitu alichokibeba mgongoni tangu alfajiri. Mvua ya mchana ilimkuta hapo Bethwel, mgombea uenyekiti wa kituo, akijitazama kwenye bango lake la kampeni ukutani ng'ambo ya barabara. Wapinzani wake walibandika picha za simu. Yeye alimwachia kazi hiyo mpwa wake Janeffer, mwanafunzi wa chuo cha Kabianga, naye akachukua mchoro wa kale wa bwana mkubwa wa Ulaya, akaondoa upanga akaweka ufito wa wachuma chai, ule wa kupimia usawa wa michai, akaondoa mbwa akaweka ndama, kola ya malinda akaiacha, uso akaweka wa anko. Akaichonga yote kwenye kipande cha plastiki ya sakafu, akapaka wino, akachapa nakala kwa mgongo wa kijiko. Afisa wa uchaguzi aligonga mhuri: kanuni zinataka picha ifanane na mgombea, hazisemi kutoka upande gani.

— Hiyo fito ameshika na kushoto, alisema Kipkurui, aitwaye Wakili tangu siku aliyokuwa shahidi kortini.

— Ni chapa, Wakili, alieleza Bethwel kwa mara nyingine. Ukichonga kulia, inatoka kushoto. Kama tu mhuri.

— Kwa hivyo umekubali ni kushoto! Hapa kwetu mtu hasalimiwi na kushoto, hapewi maziwa na kushoto. Sasa tupimiwe majani na kushoto? Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Walimaanisha huo.

— Mimi mkono haina shida, alisema Mwihaki akipuliza jiko. Ni hiyo kitu ya shingo. Inakaa keki ya harusi.

— Ni kola, mama. Wakubwa wa zamani walivaa.

— Na uji walikuwa wanakunywa aje?

Naftaly, fundi wa madishi ya televisheni, ambaye wote humwita Satelaiti, alitikisa kichwa kwa huruma.

— Wacheni fundi aongee. Hiyo si kola, ni dishi. Imeangalia Mombasa. Bei ya chai ikipanda kwa mnada wa huko, huyu anasikia na shingo kabla yenu.

— Na mkono?

— Ndio eriali. Ingekuwa kulia, ingeshika Uganda.

Bethwel angecheka, ila neno likitoka benchi hili mchana, jioni kilima kizima kinalo, na kura ni kesho. Alihisi uenyekiti ukimtoka kama mvuke wa kikombe.

— Mimi nimemaliza uchunguzi, alisema Wakili. Hao ni watu wawili. Huyu wa benchi ni wa kulia, yule wa ukuta ni wa kushoto. Tutachagua huyu, kisha aapishwe yule. Hata ndama amejua, ona vile ameangalia kando. Ukiona vyaelea, jua viko viwili.

— Haki ya nani! alisema Satelaiti, akisogea mbali kidogo na Bethwel.

Mongina, mama aliyehamia kilimani majuzi na mwenye kura yake, alikuwa amejikinga mvua chini ya mabati, kikapu mgongoni.

— Samahani wazee, alisema. Kwani yeye hutumia mkono gani?

Wakili alitazama mkono mmoja wa Bethwel, kisha mwingine. Miaka yote hiyo benchi moja, na hakuna aliyewahi kuangalia! Satelaiti alitazama mbingu. Mwihaki, ampaye kikombe kila siku, alitazama viganja vyake mwenyewe.

— Si ashike tuone, alisema hatimaye, akamnyooshea Bethwel kahawa.

Benchi lote liliinama mbele. Akipokea kwa kushoto, amekwisha. Akipokea kwa kulia, Wakili kapata watu wake wawili. Bethwel alisimama, akavua kofia, akainama kidogo, akapokea kikombe kwa mikono miwili, kama mtu aliye mbele ya mama mkwe.

— Hee! alisema Mongina. Huyu mnachagua nini tena? Tayari ni mwenyekiti.