Kisu cha Binti wa Bucha

Benchi liko nje ya kibanda changu cha kunyolea, kati ya mlango wangu na karakana ya Springi, mfua chuma anayenyoosha springi za malori. Kahawa nachemsha mwenyewe. Niligundua mapema kwamba mteja anayesubiri mkono mtupu huondoka, lakini ukimpa kikombe hukaa mpaka akasahau kilichomleta. Ukinitoa mimi, wakaaji wa kudumu ni watatu. Springi hukaa upande wa karakana ili ausikie moto wake. Sajini alilinda geti la ghala la jeshi miaka kumi na moja na hakuwahi kuingia ndani. Kamusi, karani mstaafu wa posta, ana methali kwa kila jambo, ila ni mara chache methali na jambo vikakutana. Siku hiyo, saa kumi alasiri, akaja mtu ambaye kwa kawaida hana nafasi ya kukaa: Bucha, mwenye duka la nyama ng'ambo ya barabara. Alikuja na aproni yake, akaketi katikati yetu, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

— Someni hapo chini, akasema.

Nikasoma kwa sauti. Ilikuwa orodha ya vitu vya kuripoti navyo kambini: soksi, sabuni, taulo, kufuli. Vyote vilikuwa vimepigwa alama ya kalamu isipokuwa cha mwisho. "Kisu kimoja imara, kisichokunjwa, kwa matumizi ya kijeshi na ya kawaida."

— Cha binti? akauliza Sajini, polepole.

— Cha binti. Anaondoka Jumatatu.

Tukatazamana. Habari ilikuwa ya mtaa mzima. Bucha alimpa binti yake fomu za chuo cha ukarani, naye akaenda akajaza za jeshi, akamwita baba yake mezani na kumwonyesha barua ya kukubaliwa. Tangu hapo, wiki tatu, Bucha alikuwa akiongea naye kwa kupitia kwa mama. "Mwambie mwanao afunge geti." Na mwana amekaa pale pale, anasikia.

— Mama yake kanunua vyote, kaniachia hiki, akasema Bucha. Kaniambia, "Wewe si ndiye mtu wa visu?"

— Sasa taabu iko wapi? nikamwuliza. Una visu vinane pale dukani.

— Vya nyama, kaka. Cha kuchunia ni chembamba, ukikipiga kwenye mti kinapinda kama karata. Cha mifupa ni shoka lililojifanya kisu. Mimi nataka kisu ambacho mtu akiwa nacho, anarudi nyumbani.

Kamusi akakohoa. Akikohoa, ujue inakuja.

— Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe.

— Hajalilia wembe, Kamusi. Amelilia jeshi.

— Basi mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

— Mtaa huu hakuna mwenye visu vikali kunishinda, akajibu Bucha, na nyama naila Jumapili kwa Jumapili. Leta nyingine.

Hapo Sajini akanyoosha mgongo. Alikuwa akiisubiri siku hii tangu alipostaafu.

— Jamani, niachieni mimi. Haya ndiyo mambo yangu. Kisu cha askari kwanza ni urefu. Kutoka kwenye ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko. Adui akikiona, anakumbuka ana shughuli nyumbani.

— Huo ni upanga, akasema Springi. Kisu cha kazi ubapa wake hauzidi kiganja na nusu. Kirefu kinakwama kila mahali. Atakaaje garini na kitu kinamchoma mbavu?

— Pili, akaendelea Sajini kana kwamba hakusikia, mgongoni kiwe na meno. Kama msumeno.

— Akate nini?

— Ndege.

— Ndege yupi? Kunguru?

— Ndege ya abiria, bwana! Ikianguka, milango imejikaza, unatoboa ubavu wake kwa yale meno, unatoka.

Kamusi akatikisa kichwa kwa heshima.

— Ndiyo maana wakasema, ndege mjanja hunaswa na tundu bovu.

Bucha alikuwa hacheki. Alikuwa ameikunjua ile karatasi tena, anaisoma kama aliyesahau kitu ndani yake.

— Springi, wewe ungefanyaje? akauliza.

— Mimi ningekifua. Chuma cha springi ya lori, unene wa milimita tano hivi. Chuma kile kimebeba tani na mashimo ya barabara, kinapinda kinarudi, hakivunjiki ovyo. Na kiwe kipande kimoja, toka kwenye ncha mpaka kwenye kitako cha mpini. Mbao nazibandika huku na huku, napiga pini tatu. Hata mbao zikipasuka, kisu bado anacho.

— Kutu?

— Kitashika kutu asipokipaka mafuta, sikudanganyi. Vile visivyoshika kutu vipo, ila makali yakiisha kuyarudisha ni kazi. Hiki changu atakinoa hata kwa jiwe la mtoni.

Hayo yalikuwa maneno ya maana, na kama Springi angenyamaza hapo tungemaliza. Lakini benchi lina shetani wake.

— Tatizo ni lori lenyewe, akaendelea. Lazima liwe halijawahi kupinduka. Chuma kina kumbukumbu. Ukifua kisu kwa springi ya lori lililopinduka, nacho kitakuwa na tabia ya kuponyoka.

— Na kisifuliwe Ijumaa, akaongeza Kamusi.

— Na kifukiwe kwenye mchanga wa moto siku saba, akasema Sajini, kipate hasira.

— Binti anaondoka Jumatatu, nikawakumbusha.

— Basi hasira nusu.

Sajini akaona mambo yanamtoka mkononi. Akainuka, akaingia kichochoroni kwake, akarudi na taulo alilolibeba kama mtoto mchanga. Akalifunua juu ya benchi. Ndani lilikuwa limelala jisu, linang'aa, lina meno mgongoni, na mpini wake ulikuwa bomba jeusi lenye kifuniko. Akakifungua kifuniko: juu yake kulikuwa na dira ndogo, ndani ya bomba kuna ndoana, sindano na njiti sita za kiberiti.

— Angalieni, akasema. Mtu unaishi porini mwezi mzima kwa mpini tu.

Bucha akakipokea, akakipima kwa mkono. Niliona uso wake ukilegea. Kilikuwa kizuri kile kitu, sitaficha.

— Unaniuzia?

— Kwa ajili ya binti nakupa bure, akasema Sajini, na alimaanisha.

Springi akaomba akione. Akakigeuza, akachungulia ndani ya bomba kwa jicho moja.

— Sajini, chuma cha ubapa kinaishia wapi?

— Hapo hapo mpini unapoanzia. Ndani si kuna vifaa?

— Kwa hiyo ubapa umeshikwa na nini?

— Na nati.

— Nati moja?

— Nati ya jeshi!

Springi hakubishana. Akaingia karakana akatoka na kipande cha kuni na rungu la mti. Akaweka makali juu ya kuni kama mtu anayetaka kuipasua, akaanza kupiga mgongo wa kisu kwa rungu. Pigo la kwanza, makali yakaingia. La pili, yakazama. La tatu ukasikika mlio kama wa sufuria kupasuka, mpini ukabaki mkononi mwa Springi, na ubapa ukaruka, ukapita mlangoni kwangu na kutumbukia kwenye beseni la maji ninamosuuzia vitana.

Kamusi akakohoa.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Hakielei, akasema Springi. Kimezama.

Sajini aliokota dira yake chini, akaifuta kwa shati. Nilimwonea huruma. Bucha naye akaangalia lile bomba tupu.

— Ningempa, akasema. Ningempa na ningelala usingizi.

Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke kutoka ndani ya kibanda changu:

— Hiki ni cha nani?

Katika zogo lile sikuwa nimemwona mteja akiingia. Alikuwa mama wa makamo, nywele nusu nyeusi nusu nyeupe, amekaa kwenye kiti cha kunyolea, na beseni liko hatua moja tu kutoka miguuni pake. Alitoka akiwa ameushika ule ubapa kwa upande usio na meno.

— Shikamoo mama, nikasema. Utuwie radhi. Umeumia?

— Marahaba. Sijaumia. Nilikuja kupunguza nywele, nimewasikiliza robo saa nzima. Nani baba wa huyo binti?

Bucha akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni.

— Mimi.

— Mimi nimeendesha malori ya jeshi miaka kumi na minane. Huyu bwana — akamwonyesha Springi kwa kidevu — ukiacha mambo ya lori kupinduka, anasema kweli. Kifupi, kinene, kipande kimoja. Sijawahi kukata ndege. Nimekata kamba. Nimefungua makopo, nimechonga vigingi vya hema, nimechana suruali ya mtu aliyevunjika mguu ili tumfunge. Hiyo ndiyo kazi ya kisu, siku mia tatu na sitini.

— Na siku tano zilizobaki? akauliza Bucha.

Yule mama akauweka ule ubapa juu ya benchi. Nikamsogezea kikombe cha kahawa, hakukigusa.

— Lori letu liliteleza kwenye kivuko, likalala ubavu mtoni. Mwenzangu alikuwa amefungwa mkanda, maji yanapanda. Nilikuwa na kisu kama anachokisema fundi. Nilikata mkanda, nikakitia kwenye ufa wa mlango, nikakandamiza, mlango ukafunguka. Kisu hakikupata hata mkwaruzo.

— Alhamdulillahi, akasema Kamusi, na kwa mara ya kwanza neno lake likafaa.

— Mwenzangu anaishi, ana wajukuu. Lakini tazama.

Akanyoosha mkono wake wa kulia. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kiganjani, na kovu limepita chini yake kama uzi mweupe.

— Mpini ulitengenezwa kwa ajili ya mwanaume mwenye mkono mkubwa. Haukunijaa vizuri. Nilipokandamiza, mkono uliolowa ukateleza ukaingia kwenye makali. Vidole hivi havijanyooka tena. Sasa nikuulize, baba. Mkono wa binti yako una ukubwa gani?

Lilikuwa swali la mtoto wa darasa la kwanza. Sajini alitazama dira. Springi, aliyekuwa na hesabu ya unene na urefu mpaka milimita, akaanza kukuna kichwa. Wote tukamgeukia Bucha.

— Sijui, akasema.

Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini:

— Ana miaka kumi na tisa nyumbani kwangu. Nilimkataza kugusa kisu tangu akiwa mdogo. Dukani hakanyagi. Hata kitunguu nilikuwa namwambia mama yake amkatie. Sijawahi kumwona ameshika kisu, mama. Sijui anakishikaje.

Yule mama aliketi kwenye benchi, mahali pa Bucha, akachukua kahawa yake. Bucha alivuka barabara bila kutazama gari, akapita pembeni ya duka, akaingia uani kwake.

Tulisubiri. Kamusi alianza kukohoa, Springi akamkanyaga mguu.

Walirudi wawili. Binti alikuwa amevaa kanga na fulana, mikono ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Ni mrefu kuliko baba yake. Nilikuwa sijawahi kulitambua hilo. Akatuamkia wote mmoja mmoja, akamalizia na yule mama. Kisha akamtazama baba yake kama mtu asiyejua kama ameitwa kugombezwa.

— Baba, mbona hapa?

— Futa mkono.

Akaufuta kwenye kanga.

— Wa kulia au wa kushoto?

— Unaotumia.

Akatoa wa kulia. Springi alikuwa ameshakata kipande cha uzi wa katani, akausogelea mkono. Bucha akamzuia.

— Nipe mimi huo uzi.

Akaushika mkono wa binti yake, akauweka juu ya kiganja chake mwenyewe. Akauzungusha uzi pale vidole vinapoanzia, akapima kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye ncha ya kidole cha kati. Ulikuwa mkono mpana, una sugu kwenye mizizi ya vidole, mkono wa mtu anayekamua mashuka mazito na kuchota maji. Bucha alizigusa zile sugu kwa dole gumba.

— Wewe si ulisema visu si vyangu? akauliza binti. Hakuuliza kwa ubishi.

— Nilisema.

— Na sasa?

— Sasa kunja ngumi kidogo. Kama umeshika kitu. Usikibane sana, usikilegeze.

Akakunja. Springi akainama na kipande cha chaki, akaandika vipimo ukutani kwangu, juu ya bei za kunyoa. Akasema kesho jioni kitakuwa tayari, na ala yake ya ngozi juu, na kama moto ukikubali hata mapema.

— Baba, umeshapima, akasema binti.

— Tulia, akasema Bucha, akaanza kuuzungusha uzi upya. Napima tena. Simama hivyo hivyo.