Sweta ya Mzee Kiragu

Tarehe 30 Mei 2025, Mzee Stephen Kiragu Gathii anastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wetu wa Maziwa wa Nzoia Juu, hapa Kitale, kwa miaka thelathini na miwili. Ila siku moja tu, tangu akabidhiwe chumba cha seva hakuna aliyemwona kazini na sweta, hata Julai, wakati sisi wengine tunakunywa chai tukiwa tumekumbatia kikombe.

Alianza kwenye mizani, akipokea maziwa ya wakulima. Kompyuta zilipoletwa, wengi wetu tulizikwepa kama deni la harambee. Yeye alienda kozi, akarudi na cheti na sheria moja: mtu haingii kwa seva na sweta. Alitueleza kwamba sweta ikisuguana na mwili hubeba umeme, ule unaotekenya vidole, na umeme huo mdogo huua kadi ya kompyuta bila kupiga kelele. Basi nje ya mlango wake kukawa na benchi la sweta. Mwenyekiti wa bodi mwenyewe alipokuja kukagua, alivuliwa yake, ndipo tukagundua kwamba shati lake lilikuwa na kifungo kimoja tu. Ukaguzi ulikuwa mfupi sana.

Seva zenyewe ni mbili, na Mzee alizifundisha kufanya kazi kama maksai wa plau. Moja ikilegea, mwenzake anavuta mpaka huyo mgonjwa apone. Zikilala zote mbili, mizani ya Kitale, Cheptais na Mabanga haisomi kitu, na maziwa yanachacha kwenye foleni.

Kinachozisumbua mara kwa mara ni adapta, kadi inayounganisha seva na diski zake. Mzee aliweka za akiba katika ofisi yetu ya Kanduyi, Bungoma, ili moto ukizuka Kitale zisiungue pamoja na seva. Ya kwanza ilipohitajika, tatizo lilikuwa dereva wetu Kiplagat, ambaye hajui mashimo ya barabara ni ya kukwepwa. Mzee akaagiza kadi ifungwe vizuri na kuwekwa katikati ya trei za mayai, maana Kiplagat akibeba mayai huendesha kama bibi harusi yuko ndani. Alifika salama, akapeleka mzigo moja kwa moja jikoni. Mzee aliikuta kadi kando ya jiko, na Mary Ann, mpishi wetu, amesimama hapo akivunja yai la mwisho la trei ya kwanza. Kiplagat alijitetea, “Bana, si mlisema ni mayai?” Kadi ilifanya kazi miaka sita, na mayai tuliyala.

Alipofika umri wa kustaafu, Mzee aliomba kuongezewa mwaka, akapewa. Akaomba tena, akapewa. Safari ya tatu meneja alimuuliza anangoja nini. Alisema anaogopa kadi itakufa siku ambayo yeye yuko shambani Kachibora. Mkewe, Mama Nyaruai, alikuwa akiogopa kwamba mzee hatafika huko Kachibora kamwe. Meneja akaamua hivi: kadi itakayofuata ataibadilisha msaidizi wake, fundi Jepkorir, peke yake. Akiweza, Mzee aende nyumbani. Akishindwa, Mzee abaki.

Kadi hiyo ilikufa mapema mwezi huu, asubuhi ya mvua, malori ya maziwa yakiwa langoni. Seva moja ilibaki ikivuta peke yake. Jepkorir alichukua kadi ya akiba iliyokuwa imeshaletwa kutoka Kanduyi, akavua sweta, akaingia. Mzee akaja mbio kwenye korido, mikono ya shati tayari imekunjwa, na sote tukajua anaingia.

Alisimama mlangoni. Kisha akafungua mfuko na kutoa sweta ya kijani ambayo Edinah wa ofisi ya Kanduyi alimfumia kama zawadi ya kustaafu. Akaivaa, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akaketi kwenye benchi. Kwa sheria yake mwenyewe, hangeweza tena kuingia.

Jepkorir alihakikisha kazi yote imehamia kwa ile seva nzima, akazima mbovu, akagusa chuma ili umeme wa mwilini umtoke, akatoa kadi, akaweka mpya. Huku nje mguu wa Mzee ulikuwa ukicheza. Alivumilia, mwishowe akainuka na kuchungulia mlangoni.

“Umesukuma kebo mpaka mwisho?”

“Mzee, uko na sweta,” Jepkorir alijibu bila kugeuka.

Mzee akarudi benchini. Seva ikawaka, ikaziona diski zake, na mizani haikusimama hata mara moja. Mzee alicheka mpaka akafuta macho, na sisi tukafuta yetu, kwa sababu tulijua ameshaondoka.

Asante, Mzee Kiragu, kwa kila lita ambayo haikuchacha. Tutakukosa sana. Mama Nyaruai, tunakurudishia mume wako akiwa mzima, amechelewa kidogo. Mwishi kwa amani huko Kachibora, mvua iwapate kwa wakati wake. Na baridi ikija, Mzee, hiyo sweta usiivue.