Mwalimu Flaviana na Kuta Nne za Makole

Wasikilizaji wapendwa, wekeni sufuria chini kidogo, mnisikilize. Leo tunamkumbuka Mwalimu Flaviana, mzaliwa wa Chemba, mkazi wa Makole hapa Dodoma. Amefariki akiwa na miaka sabini na moja. Aliishi peke yake.

Alifundisha hisabati watoto wasioona. Miaka ishirini na sita! Siku ya kwanza, jamani, alichora mraba ubaoni. Akauliza, "Mmeona?" Watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu. Naye akacheka, kisha akaona haya. Kesho yake akaja na vijiti na misumari, akaunda maumbo ya pembe nne wayashike.

"Pande nne sawa hazitoshi," aliwaambia. "Shikeni na pembe. Umbo likiinama upande, pembe zisiwe sawa, hiyo ni rombasi, si mraba."

Alipostaafu, presha ya macho ikamnyang'anya nuru. Mwalimu wa wasioona naye akawa haoni. Akaona aibu, akahamia Makole asikojulikana, akaficha kwamba haoni. Watu walimpungia mkono, hakuitikia. Jirani yake, Bi. Stara, anakiri: "Tulisema anaringa. Tukamsusa. Mungu atusamehe."

Miaka mitatu, wasikilizaji. Miaka mitatu bila hodi. Mpwa wake Romani, aliyekuwa akimpigia simu kutoka Mwanza, anasema: "Hakuniambia kuwa haoni. Kila mara aliniuliza, 'Huko mnakula na nani?'" Alikuwa na njaa ya watu, basi.

Siku moja, kwa kuelekezwa na Romani, akaja Edina, mwanafunzi wake wa zamani kutoka Mlali, asiyeona tangu kuzaliwa. Akamsikia mwalimu akijigonga mezani. Akaelewa papo hapo.

"Mwalimu, chumba chako kina umbo gani?"

"Mraba, mwanangu."

"Haya, shika ukuta, tuhesabu hatua."

Wakazunguka wameshikana mikono. Hatua saba, tano, saba, tano.

"Mstatili!" Edina akasema. "Leo umefeli, mwalimu."

Wakacheka. Kisha mwalimu akalia. "Siku nyingi sijashikwa mkono," alisema.

Edina aliahidi kurudi baada ya mavuno. Alirudi. Alikuta matanga.

Kwa Romani, Edina na ndugu wote wa Chemba: poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Lakini sisi tuliobaki tusijifiche nyuma ya rambirambi. Mtaani kwako yupo mzee unayesema anaringa. Leo hii, kabla jua halijazama, nenda ukapige hodi. Na ukifika mlangoni, taja jina lako. Huenda hakuoni.