Mama Kifungu na Sheria ya Hifadhi

Waombolezaji wenzetu, familia imenituma mimi, mwanawe wa kwanza, niwasomee maisha ya mama yetu, na kwa kuwa hakupenda maneno ya kupakwa asali, nitayasema kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 nyanda za juu, katika nyumba ya mwisho kabla ya msitu, akiwa mtoto wa nne wa mfugaji na mkunga, akaanza shule ya msingi palepale mwaka 1960, na alipokuwa darasa la sita, Februari 1965, redio ikatangaza kwamba mkuu wa nchi ametia saini na bonde lote la malisho limekuwa hifadhi tangu siku ile, hivyo kabla ya mvua kunyesha familia ikashushwa tambarare kwa lori, ng'ombe wakifuata kwa miguu, babu akiwauliza askari, "Kaulizwa nani?"

Swali lile lilimkaa mama moyoni, akasoma sekondari kwa bidii, akahitimu sheria chuo kikuu mwaka 1976, akaajiriwa serikalini kuandika miswada katika chumba kisicho na dirisha, na kila mkubwa aliyeingia na agizo alimuuliza, "Kifungu gani kinakupa ruhusa?" mpaka tarishi akambandika jina la Mama Kifungu kwa utani, naye akalivaa kama cheo.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na baba yetu, bwana misitu, na ndugu walipomcheka kwamba ameolewa na mlinzi wa msitu uliomfukuza, aliwajibu, "Mti haukunifukuza, aliyenifukuza ana saini." Mungu aliwajalia watoto watatu, nasi tulikua tukisikia sheria na miti vikigombana mezani kila chakula cha jioni.

Mwaka 1995 alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka 1998 akapeleka muswada wake binafsi, kwamba tangazo lolote la kuifanya ardhi ya umma kuwa hifadhi life baada ya mwaka mmoja Bunge lisipolipitisha, na wakazi wasikilizwe kwanza, ndipo akaitwa adui wa misitu, muswada ukaangushwa, chama kikamnyima kugombea tena, na hata baba nyumbani akamwambia, "Bunge likikawia, misumeno haikawii," mama akamjibu, "Basi liamsheni, msilizibe mdomo."

Alirudi bungeni mwaka 2005 kwa chama kingine, akaupeleka tena, na tarehe 21 Aprili 2007 ukapita kwa tofauti ya kura tatu.

Wa kwanza kuumwa na sheria ile alikuwa baba, kwa maana mwaka 2009 serikali ilitangaza hifadhi katika msitu wa chemchemi alioulinda nusu ya ujana wake, Bunge likalikataa tangazo kwa kuwa wafugaji hawakusikilizwa, na wapinzani wa mama wakashangilia, "Mkuki kwa nguruwe!" Mama hakutetereka wala hakuomba radhi, alimwambia tu baba avae viatu, wakazunguka pamoja mikutano ya wafugaji, wakakubaliana nao mipaka na njia ya mifugo kwenda majini, na mwaka uliofuata hifadhi ile ikapita bila kura hata moja ya hapana, na leo msitu upo na ng'ombe wanakunywa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akawa mtu wa kusafishwa damu kila wiki, na Machi mwaka huu serikali ilipoleta muswada wa kuyarudisha mamlaka ya kutangaza hifadhi kwenye kalamu moja ya mkuu wa nchi, alijifikisha mbele ya kamati ya Bunge kwa kiti cha magurudumu, mwenyekiti akamkatiza, "Mama, muda wako umekwisha," naye akasema, "Unakwisha kweli, ndiyo maana sina wa kupoteza," akaendelea mpaka alipomaliza. Alifariki dunia tarehe 2 Mei, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliolala nasi tangu msiba uingie, na wabunge wenzake wa pande zote. Tunaishukuru pia serikali kwa shada hili kubwa, lakini waheshimiwa wa safu ya mbele, shada halipigi kura, na muswada wenu unasomwa Jumanne. Wafugaji wa nyanda za juu mnaowaona pale nyuma wamekuja kwa mabasi mawili, tumewaomba wasiondoke, na Jumanne watakaa juu kwenye viti vya wageni wa Bunge, wakimtazama mmoja mmoja anayesema ndiyo na anayesema hapana, na baba yetu, bwana misitu, atakaa katikati yao.

Pumzika kwa amani, mama, sisi tuna safari Jumanne.