Kaa kwa Mzigo

Wanachama wenzangu, mnisikilize mpaka nimalize. Leo nimesimama kushukuru, lakini si kuwashukuru wote, na mnajijua.

Mama mkwe wangu mnamfahamu. Miaka yote alivusha mahindi na sukari hapa mpakani, mzigo kichwani. Kisha akili ikaanza kumtoka. Kila asubuhi anajifunga leso, anataka kuvuka. Ukimwambia, "Mama, usitoke," anakupiga. Siku moja alikutwa katikati ya malori, hajui aende wapi.

Nikawauliza hapahapa: nikienda kuuza vitunguu upande wa Kenya, nimwache vipi? Mkanyoosha mikono karibu wote: tia kufuli. Nikatia. Mama akadhani ameshikwa na watu wa forodha, akavunja dirisha kwa mikono, akajikata vibaya. Na nyinyi haohao mlionishauri kufuli mkampigia shemeji yangu simu kule kijijini Buteba: "Njoo, mke wa ndugu yako anamuua mama." Ndugu zangu, nawaambia, niliwachukia. Bado sijamaliza kuwachukia.

Mmoja tu alikuja bila kunilaumu. Zamani alibeba mizigo pamoja na mama. Akaniuliza, "Ulishamwambia akae kwa mzigo?"

Sisi wa mpakani tunajua: ukiachiwa mzigo wa mwenzio, huondoki mpaka arudi, hata mvua inyeshe. Akajaza gunia pumba, akaliweka sebuleni. Akamwambia, "Mama, kaa kwa mzigo, nakuja." Mama akakaa juu ya gunia, akalishika kwa mkono wenye bandeji, akatulia. Nililia.

Sasa jiko na kiberiti viko kwa jirani, kufuli nimeitupa, na huyo rafiki yake anapita mara kwa mara kumwangalia. Mimi siendi mbali wala sikawii. Nikirudi, mama ananigombeza, "Mbona unachelewa? Mzigo yako iko sawa."

Asante, mama yangu, wewe rafiki yake uliyekaa pale nyuma. Wengine jifunzeni: mtu aliyesahau usimfungie. Tafuta kitu ambacho hajakisahau, umkabidhi hicho.

Lakini gunia si mtu. Rafiki yake naye ni mzee, magoti yanamuuma, na kesho kutwa ni siku ya soko. Nani atakuja kukaa na mama? Siku ya kufuli mikono ilikuwa mingi. Leo nyoosheni tena, nasubiri.