Kumuaga Profesa kwa Mara ya Pili

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Kemia, Profesa tunayekuaga, mama mwenye mume, waheshimiwa walimu, wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa sababu mlisikia kuna chakula: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa ngazi yake.

Nimepewa dakika chache niseme kwa niaba ya wazazi. Shule niliiacha pale nilipoanza kuielewa, kwa hiyo nitakwenda polepole ili walimu wasibaki nyuma.

Ndugu zangu, Profesa huyu tulimuaga mwaka jana, ukumbi huu huu. Tulilia, tukala, tukampa saa ya ukutani. Jumatatu akaonekana maabara, koti jeupe mwilini. Ukimuuliza, anasema, "Namsubiri mwanafunzi wangu wa mwisho amalize." Mwanafunzi mwenyewe ni mjukuu wangu, yule anayejificha nyuma ya maua.

Shida yao ni hii. Katika utafiti wake wa uzamivu, binti alichanganya dawa zake, akaziacha zipoe, zikatoa fuwele, punje zinazometa kama chumvi ya matajiri. Profesa akasema inatosha, andika tasnifu, nitie saini, niende nyumbani. Binti akagoma. Akarudia, fuwele hazikutoka. Akarudia tena, patupu. Na Profesa akiondoka kabla ya saini, binti atapewa msimamizi mpya, ambaye ana haki ya kumwambia aanze upya. Basi mzee haondoki.

Mama huyu, mke wa Profesa, akanijia. "Babu, hebu kaongee na mjukuu wako. Mimi nimechoka kuolewa na koti."

Nikaenda. Nikamwambia binti, "Profesa wako ana mtoto mmoja tu, na hatujasikia kwamba alirudia ili ahakikishe." Profesa, uniwie radhi, nilikuwa kazini.

Binti hakucheka. Aliniwekea chupa mbili mezani: moja ina fuwele, nyingine imetulia kama maji ya kunawa. "Babu, nikiandika kwamba njia ni hii, kuna mwenzangu mahali ataifuata, ataambulia hii ya pili. Atajiona mjinga bure. Kumbe mjinga ni mimi, ila nimeshavaa joho."

Je, ninyi wasomi mngemjibu nini? Mimi, na mdomo wangu wote huu, nilitafuta kofia yangu nikaondoka.

Kwa hiyo, mama, kazi uliyonituma imenishinda. Nimekuja na nyingine. Mheshimiwa Mkuu wa Idara, mbele ya watu hawa wote wenye njaa, nakuomba umpokee binti huyu wewe mwenyewe, pamoja na chupa yake kaidi. Asianzishwe upya. Aachwe atafute mpaka ajue kwa nini. Ukikubali, piga makofi. Ukikataa, tutaendelea kukutazama. Mimi leo sina safari.

Naam! Amepiga. Kwa vidole viwili, lakini amepiga, na mashahidi tumo.

Binti, futa machozi, kuna kazi. Mama, inuka taratibu, mshike mumeo mkono. Funguo za maabara zimo kwenye mfuko wake wa kushoto. Zitoe, uziache hapo mezani. Mpite mlango wa pembeni, na akisema amesahau kitu, mwambie utamnunulia kingine.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza.