Wakubwa Saba wa Uswisi

Ilikuwa mwisho wa mwaka sabini. Landrova ya abiria ilitoka Matrah kwenda Maskati, na Bi Kheiria, kikapu cha ndimu mapajani, hakuwa na kazi ila kusikiliza. Mbele yake, karibu na mlango, Mahfoudha alishika bahasha ambayo hajaifunga. Bintiye anayesomea uuguzi Uswisi ameomba ruhusa abaki huko afanye kazi, na jibu lililomo ni ndiyo, kama alivyokwisha kulieleza gari zima.

"Umefanya la maana, bibie," alisema Bakhit, fundi saa asiyemjua hata jina. "Nchi ndogo, bahari haina, lakini matajiri wa dunia wanaweka fedha zao huko. Hawapigani na mtu. Wanatawala wakubwa saba, na kila mwaka mmoja wao anakuwa rais, kwa zamu." Alisema kwa fahari, utadhani yeye ndiye wa nane.

"Na wanawake wangapi katika hao saba?" aliuliza Mahfoudha.

Bakhit alikohoa. "Hakuna. Wanawake hawajaruhusiwa hata kupiga kura ya nchi."

"Ati nini! Mie Unguja nimepiga kura mwaka sitini na moja, na buibui langu, foleni nimeipanga tangu alfajiri!"

"Lakini saa zao, bibie, hazikosei hata dakika."

"Basi waambie wamechelewa."

Landrova ikasimama Lango Kuu. Mahfoudha hakushuka, aliomba kalamu, akaitoa barua. Bi Kheiria asingeweza kupita mpaka yeye ateremke, lakini hakulalamika. Alikuwa akirefusha shingo aone kama ile "ndiyo" inafutwa.